Maswali ya Jikoni: Kuku wa Oveni Anapogeuka Mchuzi

Mwezi huu nimeziweka kando barua za keki na maandazi ili nijibu zile zinazohusu chakula cha jioni cha siku za kazi, kwa sababu kadhaa kati yake, kutoka Moshi na Arusha, zinauliza karibu jambo moja: namna ya kumwoka kuku pamoja na mboga zake katika trei moja bila kusimama jikoni jioni nzima. Nimezifupisha kidogo.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Majengo, Moshi, na ninafanya kazi ya ofisini hadi saa kumi na moja jioni. Tumenunua jiko la gesi lenye oveni, nami nikajiahidi kwamba siku za kazi nitakuwa napanga kuku na mboga katika trei moja, naiingiza ndani, kisha nawasaidia watoto kazi za shule. Nimejaribu mara tatu, na mara zote nimemkuta kuku akielea katika maji, ngozi yake nyeupe na inateleza, viazi vikiwa na kiini kigumu, ilhali nyanya na pilipili hoho zimevurugika hata hazitambuliki. Kuku nilimloweka usiku kucha katika ndimu, mtindi na viungo, na trei niliifunika kwa karatasi ya alumini ili asikauke, kama nilivyoshauriwa na jirani. Mume wangu anasema ni mchuzi mtamu, lakini mimi sikukusudia mchuzi. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mumeo hajakosea: ulichompikia ni mchuzi, tena wa kuku, ndimu na nyanya, ambao ungekupendeza hata wewe kama ungekuwa umeukusudia. Viungo vyako sina neno navyo, na sidhani kama oveni yenu ina kasoro. Tatizo ni maji, na maji hayo uliyaingiza wewe mwenyewe kwa njia nne au tano bila kujua.

Ngoja nikueleze kinachotokea humo ndani, kwa maana ukishakielewa hutahitaji kukariri mapishi ya mtu. Ngozi ya kuku haianzi kugeuka kahawia na kukauka mpaka joto lake lipande hadi kiasi cha nyuzi 140, lakini mahali palipolowa hapawezi kuwa na joto kupita lile la maji yanayochemka, hata ukiiwasha oveni hadi nyuzi 250. Joto hilo ni nyuzi 100 kule Tanga na Dar es Salaam. Kwetu Moshi, kwa sababu ya mwinuko, ni karibu 97, na Arusha, iliyo juu zaidi, ni karibu 95, ndiyo maana mtu aliyehamia huko kutoka pwani hulalamika kwamba maharage yake hayaivi. Maji yaliyo juu ya ngozi hayana budi kwanza kugeuka mvuke, na mvuke huo upate pa kutokea. Ukifungiwa chini ya karatasi ya alumini hurudi kuwa maji, hudondoka, na kuku hubaki anachemka taratibu katika jasho lake mwenyewe na la mboga. Umewahi kuona mchoma kuku wa barabarani akimfunika kuku wake? Makaa yake yako wazi, upepo unapita, mvuke unakwenda zake, na ngozi inakauka mbele ya macho yako.

Sasa tuyatafute maji yako yalikotoka. Kuku alioshwa na, nadhani, hakufutwa. Mtindi na ndimu vikabaki vimemganda alipoingia kwenye oveni, na mtindi sehemu yake kubwa ni maji. Nyanya na pilipili hoho zina maji zaidi ya asilimia 90, nazo uliziweka tangu mwanzo. Karatasi ya alumini ikayafungia yote hayo yasitoke. Nahisi pia, ingawa hukuniandikia, kwamba trei yako ni ndogo yenye kingo ndefu na kila kitu kimelaliana humo kama abiria wa daladala ya saa kumi na mbili. Hilo la mwisho ndilo ambalo wapishi wengi hawalitilii maanani, na kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote, kwa sababu vipande vinavyogusana hupashana mvuke, na hakuna kiungo kitakachokuokoa hapo.

Kuhusu kiini kigumu cha viazi, mshitakiwa ni ndimu. Tindikali huchelewesha viazi kulainika, na wewe umeimwaga juu yake pamoja na maji ya nyanya. Mama zetu walilijua jambo hili bila darasa, kwani mpika mchuzi mzoefu hungoja viazi vianze kuiva ndipo atie nyanya.

Basi fanya hivi, na usiongeze kitu siku ya kwanza. Nunua kilo moja ya mapaja ya kuku wa kisasa yenye mfupa na ngozi, vipande sita hivi. Nasisitiza mapaja kwa sababu yanasamehe: kidari kikipitiliza dakika tano kinakuwa kama pamba, lakini paja lina mafuta na nyuzi ambazo kadiri zinavyokaa motoni ndivyo zinavyolainika, na mtoto akikuita chumbani katikati ya mapishi hutarudi kukuta msiba. Usiku wa kuamkia siku ya kupika, vifute vipande hivyo kwa taulo za karatasi mpaka viwe vikavu, vipake chumvi kijiko kimoja cha chai kwa kila nusu kilo, kisha vipange kwenye sahani na uviweke ndani ya friji, rafu ya chini kabisa, bila kuvifunika. Chumvi itavuta maji kwanza, halafu nyama itayanywa tena pamoja na chumvi yenyewe, na hewa kavu ya friji itaikausha ngozi hata ukiigusa asubuhi utaiona kama karatasi. Friji ikiwa imejaa vyakula vingine vilivyo wazi, acha njia hii. Paka chumvi jioni hiyo hiyo, lakini ufute vizuri kabla ya kupaka mafuta.

Wengi wetu hatuwezi kumpika kuku bila kumwosha, nami sitakuanzishia ugomvi na mama mkwe wako. Kuku aliyechinjwa na kunyonyolewa sokoni hana budi kusafishwa. Nakuomba tu umsafishe ndani ya bakuli yenye maji yaliyotulia, si chini ya bomba linalorusha matone, kwa kuwa matone hayo hubeba vijidudu vya kuku mbichi hadi kwenye sahani na kachumbari iliyo jirani. Baada ya hapo osha sinki, kisu na mikono kwa sabuni, ndipo ushike kitu kingine.

Ukifika nyumbani saa kumi na mbili na nusu, washa oveni kabla hata hujavua viatu. Iweke nyuzi 220. Kama kitasa chake kina namba za moto badala ya nyuzi, namba 7 ndiyo hiyo. Weka ndani trei tupu, pana, yenye kingo fupi, ya kiasi cha sentimita 40 kwa 30, nayo ipate moto pamoja na oveni kwa dakika 15. Wakati huo menya viazi mviringo vinne na karoti tatu. Mbuyuni huzipata karoti nzuri zinazoletwa kutoka upande wa Siha, na zile nyembamba ndizo tamu. Kata viazi vipande vya sentimita tatu, karoti sentimita mbili, na vitunguu viwili robo robo bila kukata kikonyo cha chini, ili visisambaratike. Vifute viazi, vichanganye na karoti, vijiko viwili vya mezani vya mafuta, chumvi kidogo na pilipili manga. Mafuta ya alizeti yaliyosafishwa yanafaa sana. Yale yanayokamuliwa mashineni bila kusafishwa ni matamu kwenye kachumbari, lakini kwa moto wa nyuzi 220 hutoa moshi mapema na kuacha uchungu.

Kuku naye mpake kijiko kimoja cha mafuta kilichochanganywa na binzari nyembamba, tangawizi kavu na pilipili manga. Kitunguu saumu usikitwange ukampaka juu, kwa kuwa kitaungua na kuwa kichungu. Weka punje nzima na maganda yake katikati ya viazi, kisha mezani kila mtu ajikamulie ile nyama laini iliyomo ndani. Ukiwa na rozimeri, ambayo huota bila shida katika bustani nyingi za Moshi na Arusha, tupia vijiti viwili chini ya kuku.

Toa trei yenye moto, mwaga viazi na karoti na uvisikie vikichacharika, uvitandaze, halafu weka mapaja juu yake ngozi ikitazama juu, kila kipande kikiwa na nafasi ya kidole kimoja au viwili kutoka kwa jirani yake. Rudisha ndani, rafu ya juu kidogo ya katikati, bila kufunika. Hapo itakuwa saa moja kasoro dakika kumi, na unaweza kwenda kwenye madaftari ya watoto kwa dakika 15 kamili. Zikiisha, geuza viazi kwa mwiko na uingize vitunguu. Baada ya dakika kumi nyingine ingiza pilipili hoho mbili zilizokatwa vipande vikubwa na nyanya ndogo nzima, zisizokatwa, kwa maana nyanya iliyokatwa ni mtungi uliopasuka. Dakika 15 za mwisho zinatosha kuziivisha zote mbili. Chakula kitatoka saa moja na nusu. Kiache kitulie dakika tano, kisha kamua ndimu juu yake. Ndimu yako sasa imefika kwa wakati wake.

Mtindi nao usiutupe. Changanya kikombe kimoja na chumvi, majani ya giligilani na kitunguu saumu kidogo kilichotwangwa, uuweke pembeni kama wa kuchovea, na watoto watakushangaza.

Kwa mboga nyingine, kumbuka kwamba kila mboga ina saa yake ya kuingia na kwamba si lazima zote zipande gari moja. Boga lililokatwa vipande vikubwa huingia pamoja na viazi. Biringanya, kabichi iliyokatwa robo na koliflawa zifuate pamoja na vitunguu. Bamia nzima na maharage machanga, yale membamba ya kijani yanayolimwa sana huku kwetu, huhitaji dakika 15 tu, na bamia iliyookwa kavu haina ule utelezi ambao watoto wanaukimbia. Mchicha na mnafu uviache kwenye sufuria yake. Ndizi mshare pia siishauri, ingawa najua nitaulizwa na kila Mchaga atakayesoma hapa: kwenye oveni kavu hukakamaa, na mahali pake pa heshima ni kwenye mtori na machalari. Mzuzu ulioiva, uliokatwa vipande vya mshazari na kupakwa mafuta, huo sawa, uingie katika dakika 20 za mwisho.

SWALI: Shangazi, shikamoo. Ninaishi Usa River. Nimemwoka kuku dakika 45 akapendeza rangi, lakini nilipokata paja nikakuta wekundu kwenye mfupa. Mama yangu akasema hajaiva na akamrudisha mpaka akawa mkavu. Nitajuaje?

JIBU: Marahaba. Mama yako alikuwa na sababu ya kuogopa, ila wekundu wa mfupa peke yake si ushahidi. Kuku wa kisasa huchinjwa akiwa na wiki tano au sita tu, mifupa yake bado haijakomaa na ina vitundu, na akipata moto uboho uliomo ndani huvuja na kuipaka rangi nyama iliyo jirani, hata ikiwa nyama hiyo imeiva kabisa. Kipimo cha uhakika ni kipimajoto cha nyama, kile chenye sindano: kichome penye unene, bila kugusa mfupa, na kikisoma nyuzi 74 kuku ameiva. Kwa paja mimi husubiri hadi 80 na zaidi, si kwa usalama bali kwa ulaini. Usipokuwa nacho, tazama mambo matatu kwa pamoja: maji yanayotoka unapochoma panapo unene yawe maangavu, kiungo cha mguu kizunguke kwa urahisi, na nyama iwe imerudi nyuma kutoka ncha ya mfupa. Nyama yenyewe, mbali na mfupa, ikiwa bado inang'aa na kunyumbuka kama mpira, hapo mama ameshinda, mrudishe.

SWALI: Dada, salaam. Mimi ni mzee wa makamo hapa Sakina, Arusha, na mke wangu akiwa safarini napika mwenyewe. Mama mkwe hututumia kuku wa kienyeji kutoka Rombo. Nilimwoka mmoja pamoja na viazi kama nilivyoona watu wakifanya, lakini baada ya saa nzima alikuwa kama tairi. Oveni yetu ni ndogo, ya umeme, na naogopa pia LUKU.

JIBU: Salaam, kaka yangu. Hongera kwa kuingia jikoni, na pole kwa meno. Mapishi ya trei moja yalitungwa kwa ajili ya kuku mchanga wa kisasa, ambaye maisha yake yote hakutembea kwenda popote. Kuku wa mama mkwe amepanda na kushuka migombani labda mwaka mzima au zaidi, na zile nyuzi zinazoshikilia misuli yake zimefungamana kwa umri kiasi kwamba joto kavu huzikaza kabla halijazilainisha. Yeye anahitaji maji na muda, ndipo apewe moto.

Kabla hujaamua, mkague. Bonyeza ncha ya mfupa wa kidari: ikipinda kama sikio, kuku huyo bado mchanga na anaweza kuokwa moja kwa moja kwa moto wa wastani. Ikiwa ngumu kama mfupa mwingine wowote, au ikiwa ni jogoo mwenye kipi kirefu, yaani ule mwiba wa mguuni, usibishane naye. Mkate vipande, mchemshe kwa moto mdogo pamoja na tangawizi, kitunguu na chumvi, sufuria ikiwa imefunikwa, kuanzia dakika 45 kwa tetea hadi saa moja na nusu au mbili kwa jogoo mzee, na ukumbuke kwamba Arusha maji yanachemka yakiwa na joto dogo kuliko pwani, kwa hiyo usihesabu kwa saa ya mtu wa Dar es Salaam. Uma ukiingia bila ubishi, mtoe, mchuje, mwache apoe na akauke kabisa. Kazi hii unaweza kuifanya Jumapili, vipande vikakaa kwenye friji, na Jumatatu au Jumanne jioni ukavipaka mafuta na viungo, ukaviweka juu ya viazi vilivyokwisha kukaa motoni dakika 20, vikaokwa pamoja dakika 20 hadi 25 kwa nyuzi 220. Ngozi ya kienyeji ikikauka vizuri haina mfano. Supu iliyobaki ni mali yako ya asubuhi, na nisingemwambia mama mkwe kama kuna siku uliimwaga.

Kuku chotara, yaani mchanganyiko wa kienyeji na kisasa, yuko katikati ya hao wawili. Dakika 20 hadi 30 za kuchemsha humtosha.

Kuhusu LUKU, hesabu ni rahisi kuliko hofu yake. Uniti moja ni wati 1,000 zikitumika kwa saa moja. Oveni ndogo ya mezani ya wati 1,500 ikikaa saa nzima haiwezi kula zaidi ya uniti moja na nusu, na kwa kweli hula pungufu, kwa kuwa ikishafika joto ulilopanga hujikata na kujiwasha. Kinachopoteza uniti ni kufungua mlango kila dakika tano kumchungulia kuku. Na kwa kuwa oveni yako ni ndogo, usijaze trei. Afadhali uoke vipande vinne vizuri kuliko vinane vinavyotoa jasho.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nimepanga chumba kimoja Ngarenaro na sina oveni, nina jiko la mkaa na sufuria mbili. Je, mapishi haya hayanihusu?

JIBU: Marahaba, mwanangu, yanakuhusu sana, kwa maana kabla oveni hazijaingia majumbani mwetu watu walipalia. Bibi yako akipika wali aliweka makaa juu ya mfuniko ili ukauke na juu, na mpishi wa keki za harusi mtaani alifanya vivyo hivyo. Hiyo ni oveni. Tofauti ni kwamba wewe ndiye kitasa chake.

Chukua sufuria pana na nzito kuliko zote ulizonazo, na mfuniko wa bati au wa alumini ulio bapa, usio na kishikio cha plastiki. Tumia nusu kilo tu ya mapaja, yaliyopakwa chumvi na kufutwa kama nilivyomweleza mwenzako wa Majengo. Sufuria ikiwa tupu na yenye moto mkali, weka vijiko viwili vya mafuta, laza kuku ngozi ikitazama chini, na usimguse kwa dakika nane hadi kumi. Vijana wengi humgeuza mapema, ngozi ikang'ang'ania sufuria na kuchanika. Yeye mwenyewe atajiachia ngozi ikishakauka. Mtoe. Katika mafuta yale yale, ambayo sasa yana utamu wa kuku, tandaza viazi vilivyokatwa vidogo, sentimita mbili tu, pamoja na karoti na kitunguu, vitie chumvi, kisha rudisha kuku juu yake ngozi ikitazama juu. Usitie maji hata tone.

Sasa ugawe moto. Punguza makaa ya chini mpaka yabaki kama theluthi moja, na theluthi mbili uyapange juu ya mfuniko, zaidi kwenye ukingo kuliko katikati. Moto wa chini ukizidi, viazi vitaungua kabla kuku hajaiva. Wa juu ukipungua, utarudi kwenye mchuzi wa mama wa Majengo. Kwa kuwa sufuria imefunikwa, mvuke una njia ndogo ya kutokea, kwa hiyo baada ya dakika 15 inua mfuniko taratibu, pamoja na makaa yake, uache pumzi itoke, geuza viazi, futa jasho lililo chini ya mfuniko kwa kitambaa kikavu na ufunike tena. Fanya hivyo mara moja nyingine. Dakika 35 hadi 40 kwa jumla zitakutosha. Nyanya usiziweke ndani kabisa. Zikate kachumbari, na pilipili hoho iingie dakika kumi za mwisho. Ngozi haitakuwa kavu sawasawa na ya oveni, sitakudanganya, lakini ile rangi uliyoipata mwanzoni itabaki, na viazi vya chini vitakuwa na ukoko ambao wenye oveni hawaupati.

Jambo moja sitaki ulichukulie kwa wepesi, hasa Juni na Julai ambapo baridi ya Arusha huwafanya watu wapende kukaa na jiko. Pikia nje au barazani, na ukimaliza usiliingize jiko chumbani ili upate joto, hata kama makaa yamebaki machache na hayatoi moshi. Mkaa unaofifia hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu wala rangi, na ambayo humuua mtu akiwa usingizini. Zima makaa kwa kuyafukia kwenye mchanga, yaliyobaki utayatumia kesho.

Kuku akibaki, ambalo kwa nusu kilo sidhani, usimwache kwenye sufuria hadi asubuhi. Mfunike baada ya kupoa na umpeleke kwenye friji ya jirani ndani ya saa mbili, na kesho umpashe mpaka atoe mvuke kote. Usipopata friji, pika kiasi cha kula usiku huo: mapaja mawili na viazi viwili vinakutosha wewe na mgeni mmoja.